Kutoka Uyole kushuka Usangu: kwa nini joto la bondeni huwaangusha wageni

Swali: «Daktari, shikamoo. Mimi na mume wangu tunaishi Uyole, na kila mwaka tunakodi ekari tatu za mpunga Ubaruku, wilayani Mbarali. Mwaka jana mwezi wa kumi na moja tulishuka na mdogo wangu wa kiume, kijana wa miaka 24, tukaanza kutengeneza matuta ya majaruba. Alikuwa na mafua na alikuwa anakunywa vidonge vya mafua. Siku ya pili, saa nane mchana, alilalamika kichwa, akatapika, kisha akaanza kuongea maneno yasiyoeleweka na kutufokea. Mwili ulikuwa unachemka, lakini jasho lilikuwa bado linamtoka. Waliokuwa karibu walisema ni malaria, wakatukataza kumpa maji ya baridi wala kummwagia, tukamfunika blanketi na kumpa panadol. Jioni tulimpeleka zahanati, kipimo kikaonyesha hana malaria. Alitundikiwa maji, akapata nafuu baada ya siku mbili. Mwaka huu tunataka kushuka tena, na mama mkwe wangu mwenye miaka 67, anayetumia dawa za presha, anasisitiza kwenda nasi ili atupikie. Wenyeji wa kule wanafanya kazi mchana kutwa na hawaanguki. Tunakosea wapi? Je, tumchukue mama? Na mdogo wangu anaweza kurudi shambani?»

Jibu: Marahaba, dada yangu, na ninakushukuru kwa kueleza mambo kwa mpangilio, kwa sababu saa uliyoitaja, siku uliyoitaja na vile vidonge vya mafua ndivyo vinavyoniwezesha kukujibu. Unauliza maswali matatu, lakini mzizi wake ni mmoja: kwa nini joto ambalo watu wa Ubaruku wanaishi nalo liliweza kumwangusha kijana mwenye nguvu ndani ya siku mbili, na kama jambo lile linaweza kumrudia yeye au kumpata mama ambaye hana nguvu za kijana. Siwezi kutoa kauli ya mwisho juu ya mtu ambaye sikumpima. Hata hivyo, maelezo yako yanafanana mno na hali ambayo madaktari huiita kiharusi cha joto, yaani mwili kuzidiwa na joto hadi akili kuvurugika, na hali hiyo huua. Ninaamini kwamba siku ile mdogo wako alikuwa karibu na kifo kuliko mlivyodhani.

Tuanze na safari yenyewe. Uyole iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na majaruba ya Usangu, bonde ambamo Ubaruku ipo, yako kwenye mita 1,000 na kidogo. Kwa kawaida, kila unaposhuka mita 1,000 joto la hewa huongezeka kwa takriban nyuzi 6, kwa hiyo kwa safari ya saa chache kupitia Igurusi na Chimala hadi Rujewa mnakuwa mmebadili hali ya hewa kama waliohamia nchi nyingine. Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijakolea, ndiyo miezi ambayo bonde lile huwa na joto kali kuliko miezi mingine, na mchana hupita nyuzi 30 siku baada ya siku. Kumbuka pia kwamba nyuzi zinazotangazwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa hupimwa kivulini. Mtu aliyeinama jarubani katikati ya mchana, jua likimpiga mgongoni na maji yakimrudishia mwanga usoni, anapokea joto kubwa kuliko hilo lililotangazwa.

Sasa tazama kinachotokea ndani ya mwili. Mwili hutaka kubaki kwenye nyuzi 37 hivi, lakini misuli inapofanya kazi, zaidi ya robo tatu ya nguvu inayoitumia hugeuka kuwa joto. Mtu anayepiga jembe kwa bidii ana tanuri ndani yake, hata kama angekuwa kwenye baridi na ukungu wa milima ya Kitulo. Joto hilo huchukuliwa na damu hadi kwenye ngozi, na kutoka hapo linaondoka kwa njia mbili kubwa: kupotelea kwenye hewa iliyo baridi kuliko ngozi, na kuondoka pamoja na jasho linapokauka. Kadiri hewa inavyokaribia nyuzi 35, ambazo ndizo joto la ngozi, njia ya kwanza inazibika, na jasho linabaki peke yake. Mtungi wa udongo hupoza maji kwa sababu maji yanayopenya kwenye udongo hukauka juu yake, na ngozi ya binadamu inafanya kazi ile ile. Mtungi ukiuweka mahali penye unyevu usio na upepo, haupozi. Mtu naye ni hivyo hivyo.

Hapa ndipo Usangu na Kyela zinapotofautiana, na ninalitaja hili kwa sababu wasomaji wengi wa Mbeya na Tukuyu wana mashamba pande zote mbili. Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, hewa imejaa unyevu, jasho linatiririka na kudondoka chini kabla ya kukauka, na jasho linalodondoka halikupozi hata kidogo. Unapoteza maji bila kupata faida yake. Usangu kabla ya mvua hewa ni kavu, jasho hukauka mara tu linapotoka, na kwa hiyo mtu hujiona hatokwi na jasho jingi. Akija kuivua fulana jioni anakuta mistari myeupe ya chumvi mgongoni na chini ya makwapa. Mistari ile ni ushahidi wa lita kadhaa za maji zilizoondoka bila yeye kutambua. Anayefanya kazi nzito katika joto la namna hiyo anaweza kupoteza lita moja ya jasho kwa saa, na wengine zaidi ya hapo.

Kwa nini basi wenyeji hawaanguki? Hawana damu tofauti na yenu. Miili yao imezoea, na kuzoea huko ni mabadiliko halisi ambayo yanaweza kupimwa. Mtu anapofanya kazi kwenye joto siku mfululizo, maji ndani ya damu yake huongezeka, moyo unapata unafuu, jasho linaanza kutoka mapema kabla mwili haujachemka, linatoka kwa wingi zaidi, na chumvi inayopotea nalo inapungua. Mabadiliko haya huanza siku za mwanzo na hukamilika baada ya wiki moja hadi mbili. Ukiondoka kwenye joto, yanaanza kufifia baada ya wiki moja hivi, na baada ya mwezi karibu yote yamekwisha. Nyinyi mliokaa Uyole tangu mavuno yaliyopita mnashuka Novemba mkiwa na miili ya wageni kabisa, hata kama mmelima Ubaruku miaka kumi. Ukiwachunguza wenyeji kwa makini utagundua jambo jingine pia: wengi wao wanakuwa jarubani alfajiri, na saa sita mchana utawakuta chini ya mwembe au kwenye kibanda cha nyasi, kisha wanarudi jua linapolegea. Mgeni aliyelipia safari, aliyekodi shamba kwa fedha za mkopo na anayetaka kumaliza ndani ya siku nne ndiye anayepiga jembe saa nane mchana.

Kosa lenu kubwa lilikuwa haraka. Wataalamu wa afya kazini wanajua kwamba vifo vingi vya joto kazini hutokea ndani ya wiki ya kwanza, na mara nyingi siku ile ile ya kwanza. Mdogo wako aliangukia siku ya pili, akiwa na mafua, ambayo yenyewe hupandisha joto la mwili na kupunguza hamu ya kula na kunywa. Vidonge vingi vya mafua vina dawa za kuzuia mzio kama klofeniramini, na dawa hizo hupunguza uwezo wa mwili kutoa jasho, tena humfanya mtu asinzie na asitambue kwamba anaumia. Ningekuwa nimeulizwa asubuhi ile, ningemzuia kushika jembe kwa sababu ya mafua peke yake.

Kuhusu malaria, waliowashauri hawakuwa wajinga. Mbarali na Kyela zina malaria, na homa yoyote kule lazima ipimwe. Lakini vimelea vya malaria, baada ya mbu kumuuma mtu, hukaa kwanza kwenye ini, na dalili kwa kawaida hazianzi kabla ya siku saba. Mtu aliyefika jana hawezi kuumwa leo malaria aliyoipata kwa safari hii. Kama anayo, aliipata kabla. Kwa hiyo mtu anayechemka ghafla saa nane mchana akiwa katikati ya kazi nzito, mwenye kichwa kinachouma na akili iliyovurugika, mtibuni kwanza kama mgonjwa wa joto, kisha apimwe malaria akifika kwenye huduma. Kumpoza mgonjwa wa malaria hakumdhuru. Kumchelewesha mgonjwa wa joto kunaweza kumuua.

Nije kwenye maji ya baridi, kwa sababu hofu hii nimeikuta karibu kila kijiji cha nyanda zetu. Watu wanaamini kwamba maji ya baridi juu ya mwili uliochemka huleta nimonia, au humfanya mtu apooze. Si kweli. Nimonia huletwa na vijidudu vinavyoingia kwenye mapafu, na kupooza husababishwa na mshipa wa ubongo kuziba au kupasuka. Kwa mgonjwa wa joto, maji ya baridi mwilini ndiyo tiba yenyewe, na hakuna sindano wala dripu inayoweza kuchukua nafasi yake katika nusu saa ya kwanza. Blanketi mliyomfunika ilizuia jasho kukauka. Najua mlifanya hivyo kwa upendo, kwa kuwa ndivyo tunavyomfanyia mtu anayetetemeka kwa baridi ya homa, lakini kwake blanketi ile ilikuwa inaongeza moto. Panadol nayo haisaidii hapa. Homa ya ugonjwa hutokea kwa sababu ubongo wenyewe umeamua kupandisha joto, na panadol huurudisha ubongo kwenye kiwango cha kawaida. Katika kiharusi cha joto ubongo haujaamua kitu, mwili umeshindwa tu kutoa joto. Zaidi ya hayo, ini linakuwa tayari limeumizwa na joto, na kuliongezea dawa ni kulitwisha mzigo.

Kuna dhana nyingine iliyojificha ndani ya swali lako: umesema jasho «lilikuwa bado» linamtoka, kana kwamba hilo lilipunguza hatari. Wengi wamefundishwa kwamba mgonjwa wa kiharusi cha joto huwa na ngozi kavu. Hiyo ni kweli kwa baadhi ya wazee wanaozidiwa polepole wakiwa wamekaa ndani ya nyumba yenye joto, lakini kijana aliyeangushwa na kazi mara nyingi huwa amelowa jasho hadi dakika ile anayopoteza fahamu. Usitazame jasho, tazama akili. Mtu aliyechoka kwa joto huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, misuli ya miguu au tumbo hubana, ngozi huwa na unyevu, lakini anajua yuko wapi na anakujibu sawasawa. Huyo mpeleke kivulini, mlegeze nguo, mpe maji yenye chumvi na sukari kidogo kidogo, mwagie maji, na usimrudishe kazini siku hiyo. Asipopata nafuu ndani ya nusu saa, au akitapika kila anachokunywa, apelekwe kwenye huduma. Lakini mara tu akili inapovurugika, akianza kuongea yasiyoeleweka, kufoka bila sababu, kupepesuka kama mlevi, kushikwa na degedege au kuzimia, chukulia kwamba joto la ndani limepita nyuzi 40 na kwamba ubongo unaanza kuungua.

Hapo kinachofanyika ni hiki, na ningependa kila mtu wa kambi yenu akijue kabla ya kushuka. Mtu mmoja anatafuta usafiri, bodaboda, bajaji au gari lolote, na wakati huo huo wengine wanampoza mgonjwa pale pale. Msingoje gari ndipo muanze. Mtoeni juani, mvueni nguo nzito, mmwagieni maji mwili mzima, ndoo kwa ndoo bila kuacha, na wengine wampepee kwa nguvu kwa kipande cha boksi, ungo au shuka. Mfereji ukiwa karibu na maji si ya kasi, mnaweza kumlaza ndani hadi shingoni, watu wawili wakimshika makwapani ili kichwa kisizame. Maji ya mfereji wa Usangu yanaweza kuwa na kichocho, na kwa siku za kawaida nisingependa mtu akae humo bila sababu, lakini kichocho kina dawa na kinaweza kungoja. Ubongo unaoungua hauwezi kungoja. Mgonjwa akiwa mwanamke, afunikwe kanga moja nyepesi iliyoloweshwa, iendelee kuloweshwa na kupepewa, na wanawake wenzake wamsimamie. Stara inawezekana bila kumfunga kwa nguo kavu. Asipewe kitu chochote mdomoni kama hana fahamu zake, bali alazwe ubavu. Mkishamweka garini endeleeni kumlowesha njiani hadi Rujewa au Chimala, na mkifika waambieni wahudumu alikuwa anafanya kazi gani, juani kwa muda gani, na alikunywa dawa gani. Hata akizinduka njiani na kusema yuko sawa, msigeuze gari, kwa sababu madhara ya figo na ini hujionyesha baadaye.

Sasa kazi yenyewe. Mwongozo unaotumiwa na taasisi ya afya kazini ya Marekani ni kwamba mgeni wa joto afanye siku ya kwanza moja ya tano tu ya kazi ya kawaida, kisha aongeze moja ya tano kila siku, hivyo siku ya tano ndiyo anafanya kazi nzima. Aliyekwishazoea kazi ya namna hiyo kwenye joto anaweza kuanza na nusu, akafikia kazi nzima siku ya nne. Nyinyi, kwa miezi mliyokaa Uyole, jihesabuni wageni. Najua hili ni gumu: siku tano za kuanza polepole ni siku tano za chakula, na kama vibarua mnawalipa kwa kipande na wao pia wametoka Uyole, kila mmoja atataka kumaliza kipande chake mapema aondoke. Malipo ya kipande yana hatari hiyo kila mahali, kwa sababu yanamlipa mtu kwa kutopumzika.

Zipo njia kadhaa, na hakuna isiyo na gharama. Mnaweza kutangulia siku nne au tano mapema, mkatumia siku hizo kwa kazi nyepesi za asubuhi kama kurekebisha kibanda, kusafisha mfereji na kuandaa kitalu. Ninaipenda zaidi njia hii, kwa sababu mwili hauzoei kwa kukaa kivulini tu, unazoea kwa kufanya kazi kiasi kwenye joto lenyewe. Mnaweza pia kuwaachia wenyeji na pawatila, yaani trekta ndogo za mkono, kazi nzito ya matuta na kuchabanga, yaani kuvuruga tope la jaruba, nanyi mkashuka wakati wa kupandikiza mvua zikiwa zimeanza. Mtalipa fedha zaidi, ila mkihesabu gharama za kumlaza mtu hospitali na siku zilizopotea mwaka jana, huenda tofauti si kubwa. Njia ya tatu ni kushuka kama kawaida lakini kufanya kazi saa kumi na mbili hadi saa nne asubuhi, na tena saa kumi jioni hadi giza, kwa wiki yote ya kwanza. Inawezekana, lakini inahitaji mtu mwenye mamlaka, na nadhani huyo ni mume wako, wa kuwazuia vijana wasirudi juani saa saba kwa kuwa wamechoka kukaa.

Maji myapange kabla ya kushuka, msiyategemee ya mfereji. Kila anayefanya kazi anywe kikombe cha robo lita kila dakika 15 au 20, kiu ikiwepo au isiwepo, kwa sababu kiu ya mtu mwenye shughuli huchelewa. Asizidishe lita moja na nusu kwa saa. Maji mengi mno bila chumvi huizimua chumvi ya damu, na hilo nalo huumiza ubongo na kuleta dalili zinazofanana na za joto. Mtu anayekula vizuri, ugali au wali wenye mboga iliyotiwa chumvi na uji asubuhi, hupata chumvi ya kutosha kwa siku nyingi. Kwa siku za mwanzo, na kwa yeyote ambaye misuli inambana, wekeni pakiti za ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, au changanyeni nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya chai vya sukari katika lita moja ya maji yaliyochemshwa. Pimeni, msikadirie; chumvi ikizidi ni madhara mengine. Dumu la lita tano likivishwa gunia lililoloweshwa na kutundikwa kivulini penye upepo, maji yake yatakuwa ya kunyweka mchana kutwa. Angalieni mkojo: ukiwa na rangi ya njano iliyokolea na unatoka kidogo, mmechelewa. Ulanzi, komoni na bia viachwe kabisa wiki ya kwanza, na nasema hivyo nikijua vibarua wengi hujipongeza jioni. Pombe hukojoza, huharibu usingizi na kumfanya mtu aamke tayari ana upungufu wa maji.

Nguo ziwe nyepesi, za pamba, zenye mikono mirefu na zinazopwaya, pamoja na kofia pana ya ukindu. Watu wetu hushuka na majaketi ya Uyole, wakaingia jarubani asubuhi wameyavaa na kusahau kuyavua. Usiku nao ni sehemu ya tiba, kwa sababu mwili usiopoa usiku huanza siku ya pili ukiwa na deni.  Bora kulala ndani ya chandarua chini ya paa la nyasi lililo wazi pembeni kuliko ndani ya bati lililofungwa.

Nakuja kwa mama, na hapa nitasema wazi. Nisingemchukua Novemba. Mtu wa miaka 67 hutoa jasho kidogo kuliko kijana, kiu yake imefifia, na moyo wake hauwezi kuongeza kasi ya kutosha kupeleka damu kwenye ngozi. Juu ya hayo kuna dawa za presha. Nyingi kati ya zile wanazopewa wazee wetu ni zile za kukojoza maji, ambazo humpunguzia maji aliyonayo, na nyingine huzuia moyo kwenda mbio hata pale unapohitajika kwenda mbio. Presha inaweza kushuka mno, akasimama kutoka jikoni na kuanguka. Kazi mnayotaka kumpa ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi kuliko mngemwambia alinde ndege: kukaa mbele ya mafiga ndani ya kibanda cha bati saa sita mchana ni kuongeza joto la moto juu ya joto la bonde, naye atavumilia bila kusema, kwa kuwa amekuja kuwasaidia wanawe.

Kwa vyovyote vile asiache dawa zake ili aweze kusafiri. Presha ikipanda ghafla nayo ni hatari kubwa. Kama bado moyo wake uko huko, mpelekeni kliniki anakochukulia dawa wiki mbili kabla, daktari wake aangalie kama dozi inahitaji kubadilishwa kwa kipindi hicho. Njia nzuri kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kumwomba aje Juni au Julai wakati wa mavuno. Bonde lina joto la wastani miezi hiyo, asubuhi ni baridi kidogo, na mikono yake itahitajika kwa kupepeta na kuwapikia wavunaji kuliko Novemba. Mume wako ndiye azungumze naye, kwa utulivu, amweleze kwamba mnamhitaji wakati wa mavuno. Akishindwa kumshawishi, basi asipike katikati ya mchana. Chakula kipikwe alfajiri, nje, chini ya mti, awe na kikombe chake cha maji, na awepo mtu wa kumwangalia mara kadhaa mchana. Akisikia kizunguzungu kila anaposimama, akikataa kula, akilala usingizi usio wa kawaida au akionekana kuchanganyikiwa, apandishwe gari siku hiyo hiyo.

Kuhusu mdogo wako, mtu aliyewahi kupata kiharusi cha joto anaweza kuwa mwepesi wa kukipata tena, hasa miezi ya karibu baada ya kuugua. Mwaka umepita na hilo ni jema, lakini kabla ya kushuka aende hospitali akapimwe figo, ini, sukari na presha, na amweleze daktari kilichompata kwa maneno yale yale uliyoniandikia. Kama baada ya tukio lile alikojoa mkojo mweusi kama chai ya rangi, alitaje hilo pia, kwa sababu ni dalili kwamba misuli iliharibika na huenda figo zilisumbuliwa. Vipimo vikiwa salama anaweza kurudi, lakini aanze na moja ya tano ya kazi kama nilivyoeleza, asifanye kazi peke yake kwenye kona ya shamba ambako hamumwoni, na mwenzake awe na ruhusa ya kumtoa juani bila kubishana. Akiwa na mafua, homa au kuhara wiki ile ya kushuka, abaki Uyole hadi apone kabisa, na matuta mumlipe mtu wa Ubaruku ayatengeneze.